Misiba ya Akiba

"Mwalimu, hebu shusha sauti!"

"Sishushi! Sauti yangu si ndiyo mnayoitaka? Haya, ndiyo hii, ichukueni!"

"Taa! Jamani, taa!" Fundi mitambo alinyoosha mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. "Taa inawaka! Mtasikika mpaka kwa wakwe zenu!"

Wakanyamaza papo hapo, wote wawili, kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Kweli, juu ya mlango wa studio taa nyekundu ilikuwa inawaka, na nyuma ya kioo msomaji wa habari alikuwa anasoma, midomo inakwenda, nyusi zinapanda na kushuka. Wala hakugeuka. Mlango wa studio ulikuwa umevishwa sponji kama godoro, hata angeuawa mtu huku, wa kule asingejua.

Chumba cha mitambo chenyewe kilikuwa chembamba, ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Sponji la kijivu ukutani lilikuwa limeliwa na panya kwenye kona. Kulikuwa na kiti kimoja cha magurudumu, na gurudumu moja lilishakimbia zamani, kwa hiyo fundi alikuwa anafanya kazi ameinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Ndani ya kichumba hicho ndimo watu wazima wawili walikuwa wanagombania dakika za redio.

Mmoja alikuwa Daktari. Si daktari wa sindano, la. Daktari wa Maandiko. Watu waliohamia mtaani kwake karibuni bado walikuwa wanamgongea mlango wakiwa wamebeba watoto wenye kikohozi, naye hana dawa, anawapa pole na mstari mmoja wa Zaburi. Alikuwa amefundisha Biblia katika chuo cha wachungaji tangu nywele zikiwa nyeusi, na kila asubuhi, habari zikimalizika, sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kipindi cha Neno na Habari. Anachukua jambo lililotokea, bei zimepanda, mawaziri wametukanana, mto umefurika, halafu analiwekea andiko pembeni na kulichambua taratibu. Watu waliipenda ile sauti. Ilikuwa nzito, haina haraka, sauti ya mtu aliyekwisha kula akashiba.

Wa pili alikuwa meneja wa redio, mchungaji mwenye tai iliyonyooka, na zamani alikuwa mwanafunzi wa Daktari, alikuwa anakaa dawati la mbele. Mpaka leo alimwita Mwalimu. Na mpaka leo Daktari alimwita kijana, ingawa kijana mwenyewe alikuwa na kitambi.

"Kipindi ni changu," Daktari alisema kwa kunong'ona, ila ulikuwa mnong'ono wa kugombana, unauma kuliko kelele. "Habari zikiisha naingia. Moja kwa moja hewani. Sirekodi."

"Mwalimu wangu, mbona tunazunguka kama punda wa kinu? Rekodi kwanza. Mimi nisikilize. Halafu..."

"Halafu ukate."

"Nirekebishe kidogo."

"Ukate, kijana! Kwani mimi nimekuja mjini jana? Nilikuwa nakata hotuba zako darasani, leo unataka kulipiza."

"Hapo umenionea, Mwalimu."

"Nimekuonea! Mpwa wangu yumo kwenye jeneza, na wewe ndiye uliyeonewa!"

Fundi akainamisha kichwa, akajifanya anafuta vumbi kwenye vitufe.

Mambo yalikuwa hivi. Juzi jioni jengo la Mzee Kokoto lilianguka. Mzee Kokoto alikuwa mzee wa kanisa, na jina hilo alipewa na watu kwa sababu utajiri wake ulianzia kwenye kuuza kokoto. Siku hizi waliongeza kwamba kokoto zote alizimaliza kuuza, kwenye jengo lake akaweka jina tu. Alianza na ghorofa chache za heshima. Halafu likawa linaongezeka kama uongo, kila mwaka unaona wamepandisha nguzo tena, wamepaka rangi juu, madirisha yanang'aa. Chini kulikuwa na maduka. Juu kidogo kulikuwa na chumba kikubwa cha ushonaji, mabinti wamejipanga na vyerehani, wanashona sare za shule mpaka giza linaingia.

Mmoja wa mabinti hao alikuwa mtoto wa dada yake Daktari. Huyu ndiye aliyekuwa anamwita Mjomba Kigiriki, kwa sababu mjomba hawezi hata kuomba chumvi bila kusema, "Neno hili kwa Kigiriki..." Alikuwa anamtania mbele za watu, na mjomba anacheka mpaka anavua miwani. Hata koti alilovaa Daktari asubuhi hiyo, binti ndiye aliyelishonea mfuko wa ndani, mpana, wa kuingia Agano Jipya lake la Kigiriki. "Maana mjomba," alisema, "ukiendelea kukibeba kitabu chako kwapani, siku moja utakipaka marashi." Na Jumapili iliyopita tu, wakiwa wanakula kwa dada, alileta kichekesho kingine: "Kwetu kazini ukuta una ufa, mkono unapita. Tumeuziba kwa vitambaa vilivyobaki. Mjomba, ile methali ya usipoziba ufa, vitambaa navyo vinahesabika?" Meza nzima ikacheka. Mjomba alicheka kuwashinda wote.

Jengo lilipolala, watu walichimba usiku mzima kwa mikono, kwa sururu, kwa masufuria. Dada alikuwa pale, mtandio ameufunga kiunoni, anaita jina la mwanawe kwenye tundu lililobaki kati ya zege na zege. Kulipopambazuka, mchimbaji mmoja akasema amesikia kitu kinagonga. Wote wakanyamaza wasikilize. Na ndipo kwenye ule ukimya, redio ndogo ya mchimbaji mwingine, aliyoitundika kwenye nondo, ikaanza:

"Mpendwa msikilizaji, leo tumeamka na majonzi. Jengo limeanguka, na ndugu zetu wametutoka..."

Sauti nzito. Haina haraka. Dada aliijua tangu tumboni mwa mama yao.

Sasa, Daktari wakati ule alikuwa kitandani kwake, hajui hata kama jengo limeanguka. Simu aliizima, kawaida yake. Ile sauti haikuwa ya asubuhi hiyo. Ilikuwa ya akiba.

Wazo lilikuwa la meneja, na Daktari alilipenda. Likizo moja, chuo kimefungwa, meneja alimwambia: Mwalimu, misiba inatokea ghafla, wewe unakaa mbali, watu wanataka faraja ya haraka. Kwa nini tusirekodi mapema? Basi wakakaa wiki nzima kwenye studio hii hii. Wakarekodi mafuriko. Wakarekodi moto. Wakarekodi ajali ya basi, ugonjwa wa mlipuko, mgodi kufukia watu, jengo kuanguka. Kila msiba na andiko lake, na mahali pa tukio panaachwa wazi, mtangazaji atapataja mwenyewe. Fundi akavipanga kwenye kompyuta, akavipa jina: Misiba ya Akiba. Walikuwa wanachekacheka, chai mkononi. Meneja akauliza, "Njaa je?" Daktari akajibu, "Njaa weka mwisho, hiyo haina haraka, inatangaza yenyewe."

Kwa jengo alichagua mnara wa Siloamu. Pale Yesu anapoulizia wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara, kwamba mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wenzao? Hapana. Daktari aliipenda hiyo habari, aliifanyia utafiti ujanani mpaka macho yakaharibika. Akaieleza vizuri, taratibu, na mwisho akaipigilia kwa sentensi aliyojisikia vizuri sana kuisema: "Bwana hakuuliza nani aliyejenga mnara. Nasi tusiulize. Tuinamishe vichwa."

Mkutano wote wa wachimbaji ukaisikia. Kama kuna kitu kilikuwa kinagonga, hakikusikika tena. Binti alitolewa mchana.

Daktari alipokwenda kwa dada yake, alimkuta kasimama mlangoni, mkono mmoja huku, mwingine kule. Wanawake nyuma yake walikuwa wanalia, yeye halii.

"Kaka, rudi."

"Dada, mimi sikujua, ile ilikuwa ni rekodi..."

"Sikuulizi ilikuwa nini. Ulimzika mwanangu kabla sijampata. Halafu ukatukataza kuuliza. Wewe!" Akamnyooshea kidole. "Nenda kwenye redio ile ile, saa ile ile, ukautoe huo ulimi wako ulikouacha. Mbele ya wale wale waliosikia. Ukimaliza, njoo tuzike. Usipofanya, tutazika bila mjomba. Haitakuwa mara ya kwanza mtoto kuzikwa na wanawake."

Mazishi yalikuwa leo, baada ya adhuhuri. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa anapiga kelele kwenye chumba cha mitambo asubuhi asubuhi.

Nyuma ya kioo, midomo ya msomaji iliendelea. Fundi alifungua kidogo spika ili ajue wamefika wapi. "...tume imeundwa kuchunguza chanzo cha kuanguka kwa jengo hilo. Waziri amewataka wananchi kuwa watulivu na kuepuka kunyoosheana vidole..."

"Umesikia?" meneja akadakia. "Tume ipo. Wataalamu wapo. Wewe unakwenda kuuliza nini ambacho tume haitauliza?"

"Tume! Kijana, nimesoma habari za tume hewani miaka yote. Nimeziwekea maandiko. Hebu nitajie moja iliyozaa hata kinda."

"Mwalimu." Meneja alivuta pumzi, akashusha mabega, akachukua ile sura yake ya madhabahuni. "Nani alitufundisha kwamba usiiulize matini swali ambalo yenyewe haiulizi? Si wewe? Ulikuwa unapiga meza. Msomaji mwema hapandikizi. Sasa Siloamu inamtaja fundi? Inamtaja mwenye kiwanja? Haimtaji. Mnara umeanguka, watu wamekufa, tubuni. Basi. Mimi hilo swali nililijibu kwenye mtihani, na ukaniandikia vizuri sana kwa wino wa kijani."

Hapo Daktari alinaswa. Maana lilikuwa kweli. Wino wenyewe ulikuwa wa kijani.

Aliwaza: nimeandika juu ya mnara ule mpaka wenzangu ng'ambo wakanialika. Nimechambua kitenzi cha kuanguka, nyakati zake zote. Nimebishana kama ulikuwa mnara wa ulinzi au wa maji. Nimewahesabu wale kumi na wanane kama ni hesabu kamili au ya mfano. Katika makaratasi yote hayo hakuna hata pakacha moja la udongo, hakuna jiwe lililowekwa vibaya, hakuna tajiri aliyeambiwa na fundi wake kwamba msingi haubebi, akasema pandisha tu. Wale watu walikuwa na dada zao. Kuna mama alisimama pale Siloamu mtandio kiunoni. Mimi nilikuwa nahesabu vitenzi.

Na jambo jingine lilimwingia polepole, kama maji ya mvua chini ya mlango.

"Kuna ukuta mwingine," alisema.

"Ukuta gani tena?"

"Wa yule nabii wa uhamishoni. Umesahau? Watu wanajenga ukuta mbovu, wenzao wanakuja kuupaka chokaa ili usionekane. Mvua inakuja, ukuta unaanguka. Na pale Mungu anauliza, kijana. Anauliza kwa ukali. Iko wapi ile chokaa yenu? Na wapakaji anaowaambia si mafundi wa ujenzi. Ni manabii. Ni sisi. Watu wa kusema amani, amani, na kumbe amani haipo." Akajigusa kifua. "Matini inauliza. Nilikuwa naifundisha kila mwaka wa pili, na sikuwahi kuzisomesha hizi mbili siku moja. Moja ilikuwa muhula wa kwanza, nyingine muhula wa pili."

Fundi aliinua macho. Meneja akaangalia mlango, kama mtu anayehofia kusikilizwa na sponji.

"Mwalimu, tuongee kiutu uzima. Mzee ndiye mwenyekiti wa bodi yetu. Na mnara wetu wa kurushia matangazo umesimama juu ya ghorofa lake jingine. Ukimgusa yeye, mnara unashushwa. Watu wote hapa wanakula kupitia huo mnara. Fundi huyu ana watoto. Wewe unataka tuzime redio nzima kwa sababu ya sentensi moja?"

"Afadhali ushushwe kuliko uanguke. Chini ya hilo ghorofa jingine hakuna watu?"

"Haya ndiyo maneno yatakayochoma nchi!"

"Nchi imeshafukiwa, utaichomea wapi?"

"Sikiliza basi." Meneja akamshika bega, kwa upole wa kweli, tena hilo ndilo lililouma. "Mzee mwenyewe anakuja mazishini leo. Ametoa majeneza yote. Amekuomba wewe, kwa jina lako, usome somo. Dada yako akikuona umesimama na askofu atakayeongoza mazishi, roho itapoa."

"Nisome somo gani?"

"Hilo hilo. La Siloamu. Limewafariji watu sana, Mwalimu. Simu ziliingia."

"Nani alipiga?"

Meneja akanyoosha tai.

"Nimekuuliza, nani alipiga?"

"Mzee alipiga," meneja akasema, anaangalia viatu. "Alilia kwenye simu. Alisema amepata nguvu za kuamka."

Fundi alikohoa. Daktari alihisi kama mtu aliyepika chakula cha msiba, akaja kukuta mwuaji ndiye aliyekila, tena ameomba kuongezewa.

Kwenye spika habari zilikuwa zimefika michezoni. Timu imefungwa, kocha analaumu refa. Halafu hali ya hewa, mvua za hapa na pale. Msomaji wa habari akajikusanyia karatasi zake, akatoka studio akipiga miayo, akasema, "Shikamoo Daktari, poleni na msiba," akapita zake. Taa nyekundu ikazimika, muziki wa kipindi cha Neno na Habari ukaanza kupiga, ule wa kinanda. Na simu ya meneja nayo ikalia.

Alilitazama jina, akanyooka kama askari. "Ndiyo, Mzee. Shikamoo, Mzee." Akageukia ukutani, kidole kimoja sikioni, apate kusikia vizuri. "Ndiyo, tuko naye hapa hapa, ni mtu mwelewa..."

Daktari akapita nyuma ya mgongo wake kama mwanafunzi anayetoroka darasani. Akasukuma mlango wa godoro, akaketi, akavuta maiki. Kiti kilikuwa bado na joto la msomaji wa habari. Kupitia kioo alimwangalia fundi. Fundi alimwangalia meneja, akaona mgongo. Akamwangalia tena Daktari. Akabonyeza.

Taa ikawaka.

Basi alikuwa hewani. Kile alichokuja kukidai kwa kelele, alikuwa nacho mkononi. Kilichobaki ni kusema tu.

Na hapo, bwana, mazoea yakamla nyama mbichi.

"Mpendwa msikilizaji," alianza, sauti nzito, haina haraka, "popote ulipo asubuhi hii, jikoni, kazini, njiani, au kwenye kitanda cha ugonjwa, ninakusalimu kwa jina lipitalo majina yote. Ni mimi mtumishi wako, nikikukaribisha tena katika kipindi chetu hiki, ambamo tunaliweka Neno kando ya habari, na habari kando ya Neno..."

Alijisikia anavyosema. Alitaka kusimama, aruke, afike. Lakini ile salamu ilikuwa imelala mdomoni mwake miaka yote, ikishaanza lazima iishe, kama gari la mteremkoni. Alikuwa anasikia hata utamu wake. Mdomo wake ulikuwa unafariji wenyewe, na hajauomba. Nyuma ya kioo meneja alikuwa bado anaitikia, ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Halafu akageuka.

Daktari alimwona anavyogeuka. Akaikata salamu katikati.

"Jana," alisema haraka, na kwa mara ya kwanza sauti yake redioni ikawa na haraka, "jana mlinisikia nikisema, tusiulize nani aliyejenga..."

Mkono wa meneja ukashuka juu ya mkono wa fundi.

Taa ikazimika.

Daktari aliiona ilivyozimika. Akaendelea. Sijui kama ni ukaidi au ni kwamba maneno yalishafika mlangoni, huwezi kuyaambia rudini. Alisema nilikosea. Alisema aulizwe aliyejenga, aulizwe aliyepandisha, aulizwe aliyepokea mkono chini ya meza akasaini, na tuulizwe sisi tuliopaka chokaa. Akasema juu ya ufa na vitambaa vya sare za shule. Akamtaja Mzee Kokoto kwa jina lake la ubatizo. Akasema, mpwa wangu, wewe uliyeniita Mjomba Kigiriki, nisamehe, nilikutangaza umekufa na wewe labda ulikuwa unagonga. Hakutumia hata neno moja la Kigiriki. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Sponji likainyonya yote, halikurudisha hata mwangwi.

Alipotoka, chumba cha mitambo kilikuwa kimya, ila spika ndogo pale mezani ilikuwa inasema: "...jengo limeanguka, na ndugu zetu wametutoka..."

"Mmeweka ile," alisema.

"Ilikuwa lazima niweke kitu, Mwalimu. Redio haikai kimya." Meneja alikuwa anatokwa jasho mpaka tai imelowa. "Ningeweka wimbo, watu wangejua umekatwa. Hii wamedhani ni wewe unaendelea."

"Nilifika wapi?" Hilo alimwuliza fundi.

Fundi hakutaka kumwangalia. "Pale pale, Daktari. Kwenye 'nani aliyejenga'. Samahani. Alinibana mkono."

Yaani ikawa hivi: asubuhi ile mji mzima ulimsikia Daktari akija hewani kwa makusudi, mzima, anawasalimu vizuri, anawakumbusha kwamba jana alisema tusiulize. Halafu anaanza kuwaeleza tena kwa nini.

Simu yake ilitikisika kwenye ule mfuko wa ndani, imegusana na Agano Jipya. Aliitoa. Dada.

"Hallo? Dada, nisikilize, wameni..."

"Nimesikia," alisema dada yake. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba. "Tulikusanyika wote, tukaweka redio katikati. Nikawaambia nyamazeni, kaka yangu anakuja kusema." Wanawake wakamaliza ubeti. "Kumbe umekuja kurudia."

"Dada, walikata! Nakuapia..."

Alikuwa anaongea na simu iliyokufa.

Meneja akavuta kile kiti kibovu, akakisukuma kwake. "Kaa, Mwalimu. Fundi, mletee chai. Mambo yatatulia, halafu wiki ijayo tutarekodi kitu kizuri, kwa nafasi, hata hilo la ukuta na chokaa, tutaliweka kwa namna ambayo..."

"Lifute."

"Nini?"

"La jengo. Na mengine yote. Fundi, futa sauti yangu humo ndani."

Fundi akatikisa kichwa kwa huruma. "Daktari, yalishatumwa kwenye redio zetu zote za mikoani. Hata nikifuta hapa, kule yapo." Akaongeza, taratibu, kama mtu anayetafuta cha kufariji, "La njaa tu ndilo halijatumika bado."

Daktari akacheka. Kicheko kifupi, kikavu, kama mtu aliyemeza punje ya pilipili. Akafunga kifungo cha koti. Akapapasa ule mfuko wa ndani kwa nje, akaona kitabu kipo, mshono umeshika vizuri, nyuzi mbilimbili.

"Unakwenda wapi?" meneja akauliza. "Mazishini si umekatazwa?"

"Nimekatazwa kuingia. Barabara si ya dada yangu. Nitasimama kwenye njia ya makaburini, na Mzee Kokoto akipita na majeneza yake nitamwuliza."

"Bila maiki? Nani atakusikia? Watu wenyewe wana hasira na wewe kuliko naye! Watakupiga mawe, Mwalimu!"

"Wakipiga, angalau watakuwa wamenisikia mimi. Si hiyo." Alionyesha spika kwa kidevu.

"Mwalimu, usinifanyie hivi. Mimi ni mtoto wako."

"Ndiyo," alisema Daktari. "Nilikufundisha vizuri sana."

Akashika mlango. Alitaka kuubamiza, Mungu anajua alitaka, aubamize mpaka kioo kipasuke. Lakini ule nao ulikuwa na godoro, mlango usiojua hasira, ukiuvuta unajifunga wenyewe polepole na kupumua fyuu. Nyuma yake ile sauti nzito ilikuwa inafika mwisho, inashuka taratibu kwa ustadi, Bwana hakuuliza nani aliyejenga mnara, nasi...

Akauvuta mpaka ukashika. Sauti yake ikabaki ndani.